Kompyuta moja inapoteza mtandao wa waya mara kwa mara, nyingine tano ni nzima

Swali

Salaam, ndugu zangu. Naomba msaada katika tatizo ambalo limenisumbua kwa wiki tatu sasa, na ambalo nimelishughulikia kwa kila njia niliyoijua bila mafanikio.

Tuna ofisi ndogo yenye kompyuta 6 za mezani. Zote zimeunganishwa kwa kebo kwenye swichi moja ya poti 8 (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo), na swichi hiyo imeunganishwa kwenye ruta. Kompyuta 5 hazina shida yoyote. Ya sita, iliyo chumba cha nyuma, hupoteza mtandao mara kadhaa kwa siku. Inapokatika, alama ya mtandao iliyo pembeni chini ya kioo hubadilika, ujumbe unatokea kwamba kebo ya mtandao haijachomekwa, kisha baada ya sekunde chache, au pengine nusu dakika, kila kitu kinarudi chenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna siku inakatika mara mbili tu, na kuna siku inafika mara kumi kabla ya saa sita mchana. Mwenzangu anayeitumia hufungua mafaili ya hesabu moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo kila mtandao unapokatika programu yake hugoma, na kile ambacho hajakihifadhi hupotea.

Hadi sasa nimewasha upya ruta mara nyingi, nimebadilisha anwani za DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), nimeondoa programu ya kuzuia virusi, nimeipa kompyuta anwani ya IP ya kudumu, na mwishoni nilisakinisha Windows upya kabisa, kazi iliyonichukua siku nzima ya mapumziko. Nimebadilisha pia kebo fupi inayotoka kwenye soketi ya ukutani hadi kwenye kompyuta. Hakuna kilichosaidia. Fundi mmoja alikuja na kipimo chake chenye taa nane, akakichomeka pande zote mbili za kebo ya ukutani, taa zikawaka moja baada ya nyingine kwa mpangilio, akasema kebo ni nzima na kwamba ninunue kadi mpya ya mtandao. Kabla sijatoa fedha, ningependa kujua kama kweli kadi ndiyo yenye makosa, au kuna jambo ambalo sijalitazama.

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu, hasa kwa hiyo siku ya mapumziko. Usinunue chochote kwa sasa.

Ujumbe unaosema kebo haijachomekwa umekwisha kukupa nusu ya jibu. Kompyuta haisemi kwamba haioni intaneti, wala kwamba haikupewa anwani. Inasema kwamba haijashikana na kifaa kilicho upande wa pili wa waya. Kwa hiyo DNS, anwani ya IP na programu ya kuzuia virusi haziwezi kuwa chanzo, kwa sababu vitu hivyo vinaanza kufanya kazi baada ya waya wenyewe kushikana. Kama tatizo lingekuwa la anwani, alama ya mtandao isingesema kebo imetoka. Ungeona kompyuta imeunganishwa lakini imejipa anwani inayoanza na 169.254, ambayo Windows hujipangia yenyewe inapoomba anwani na kukosa wa kuijibu. Huo ni ugonjwa mwingine na una dawa yake.

Sasa nenda ukaitazame swichi yenyewe. Mwombe mtu akae mbele ya swichi wakati kompyuta inatumika, na asiondoe macho kwenye taa ya poti ya chumba cha nyuma. Ikizimika taa hiyo peke yake, tatizo liko kati ya poti hiyo na kadi ya kompyuta. Zikizimika taa zote kwa pamoja kisha zikawaka, adapta ya umeme ya swichi imechoka na swichi inajiwasha upya. Hili hutokea zaidi kuliko watu wanavyodhani, ila kwako lina uwezekano mdogo kwa kuwa wale wengine 5 hawalalamiki. Ikibaki kuwaka wakati mtandao umekatika, nitabadilisha mawazo yangu yote.

Baada ya hapo, badilishana vitu, kimoja kimoja. Chukua kompyuta ya chumba cha nyuma uipeleke kwenye meza ya mtu asiye na shida, na kompyuta yake uilete nyuma, kisha ziache hivyo siku nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na kompyuta, fundi wako alisema kweli kuhusu kadi. Ukibaki chumba cha nyuma, kadi haina hatia. Siku inayofuata, hamisha kebo ya chumba hicho kwenye poti nyingine ya swichi, nawe utajua kama ni poti au ni njia. Watu wengi hubadilisha vitu vitatu kwa mkupuo mmoja, tatizo linatulia kwa siku mbili, na likirudi hawajui walichokigusa.

Unapofanya hayo, fungua dirisha la amri uandike *ping -t* ukifuatisha anwani ya ndani ya ruta, na uliache dirisha hilo likiendelea. Litakuonyesha kila sekunde kama ruta inajibu. Mwisho, kila mtandao unaporudi, angalia kasi ya muunganisho katika hali ya kadi: ni gigabiti 1 kwa sekunde au ni megabiti 100? Tafadhali usiliruke hili. Mara nyingi namba hiyo moja inasema mengi kuliko vipimo vingine vyote.

Kuhusu kipimo chenye taa nane, nisieleweke vibaya, nami ninacho na ninakitumia. Kinachopima ni kama kila uzi unafika upande wa pili kwa wakati ule ule unaopimwa, kwa umeme mdogo usio na kasi. Hakijui kama nyuzi zimepangwa katika jozi sahihi, hakijui kama mawimbi yanaingiliana, na waya unaogusana leo na kuachana kesho hauwezi kukamatwa nacho ila kwa bahati.

Jibu la pili

Naongeza jambo ambalo halikutajwa. Kadi nyingi za mtandao zina mpangilio wa kuokoa umeme, na baadhi yake hulala wakati mtandao hautumiki kisha huchelewa kuamka. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, ingia kwenye sifa za kadi ya mtandao, nenda sehemu ya umeme, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima kadi. Katika mipangilio ya ndani zaidi ya kadi hiyo utakuta pia kipengele cha matumizi madogo ya umeme kilichotokana na kanuni ya 802.3az ya mwaka 2010, kizime nacho. Kuna swichi na kadi ambazo hazielewani vizuri juu ya jambo hilo, na matokeo yake ni hayo hayo ya kukatika na kurudi. Hakikisha vilevile kwamba draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, imetoka kwa aliyetengeneza kadi, wala si ile iliyokuja na Windows.

Ikiwa bado inasumbua, ilazimishe kadi itumie megabiti 100 kwa sekunde, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, badala ya kuiacha ijipangie. Mimi nilifanya hivyo kwa kompyuta mbili na mpaka leo zimetulia.

Jibu la tatu

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kuokoa umeme, kwa sababu ni jambo la dakika mbili na halina hasara. Hilo la pili, la kulazimisha kasi upande mmoja, napenda tulitazame kwa uangalifu kabla ndugu yetu hajalifanya.

Swichi ndogo ya poti 8 kwa kawaida haina mahali pa kuipangia chochote, inategemea makubaliano. Kadi na swichi zinapokutana, kila mmoja humtangazia mwenzake anachokiweza, na wanachagua kilicho bora kwa wote wawili. Ukiilazimisha kadi, kadi nyingi zinaacha kutangaza. Swichi inaweza kutambua kwa kusikiliza tu kwamba mwenzake anatumia megabiti 100, lakini haina njia ya kujua kama anatuma na kupokea kwa pamoja au anapokezana zamu, na kanuni inaitaka ichague kupokezana zamu. Hapo kompyuta inatuma wakati wowote inapotaka, swichi inadhani data zimegongana, inatupa fremu (vile vifurushi vya data vinavyopita kwenye waya), na unabaki na mtandao ambao hautakatika lakini utakwenda kwa mwendo wa kinyonga kila unapohamisha faili kubwa. Ping itaonekana nzuri kabisa, kwa kuwa ping ni ujumbe mdogo mno kuonyesha shida hiyo, nawe utakuwa na tatizo gumu zaidi kuligundua kuliko ulilokuwa nalo.

Ikilazimika kushusha kasi, tafuta njia ya kuiacha kadi iendelee kutangaza, ila itangaze megabiti 100 peke yake. Katika Linux jambo hili linafanyika kwa amri ya ethtool. Na hata hivyo, hilo ni la kuvusha siku tu. Kebo ambayo haiwezi kubeba gigabiti 1 kwa umbali wa kawaida ina kasoro mahali fulani.

Muulizaji anarudi

Nawashukuru sana. Imenichukua siku nne kufanya mliyoniambia, na ninaleta matokeo.

Nilianza na mipangilio ya kuokoa umeme. Niliizima yote, na siku hiyo hiyo mtandao ukakatika mara sita. Taa ya poti ya chumba cha nyuma ilizimika peke yake kila mara. Nyingine ziliendelea kuwaka na kupepesa kama kawaida. Kisha nikabadilishana kompyuta. Ile iliyokuwa mgonjwa ilikaa meza ya mbele siku nzima bila kukosa jibu hata moja la ping, na ile nzima niliyoipeleka nyuma ilikatika mara nne. Kuhamisha poti kwenye swichi hakukubadilisha chochote.

Kuhusu kasi, hili lilinishangaza. Asubuhi kompyuta ya nyuma inaanza kwa gigabiti 1. Baada ya kukatika, wakati mwingine inarudi kwa gigabiti 1 na baada ya muda inakatika tena, lakini wakati mwingine inarudi kwa megabiti 100, na ikirudi hivyo haikatiki tena mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa. Naomba mnieleze ni kwa nini, kwa maana mimi ningedhani kebo mbovu ni mbovu kwa kasi zote.

Jambo la mwisho nililitaja kwa mwenzangu kama mzaha, lakini sasa sina hakika kama ni mzaha. Nilikaa naye saa nzima nikitazama dirisha la ping, na mara tatu kati ya nne mtandao ulikatika alipofunga mtoto wa meza wa chini, ule anamoweka mafaili ya karatasi. Soketi ya ukutani iko nyuma ya meza hiyo. Kebo ya ukutani ina urefu wa mita 35 hivi, na sehemu fulani inapita karibu na nyaya za umeme.

Jibu la kwanza

Basi fundi akusamehe, kadi yake ni nzima. Hilo la mtoto wa meza si mzaha hata kidogo, na pamoja na hiyo megabiti 100 limetufikisha karibu na mahali penyewe.

Ndani ya kebo kuna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi 4: ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia, kila moja ikiwa na uzi wa rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Mtandao wa megabiti 100 unatumia jozi mbili tu, zile zinazofika kwenye pini ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6, ambazo ni ya machungwa na ya kijani. Mtandao wa gigabiti 1 unatumia jozi zote nne, na kila jozi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, gigabiti 1 inakufa, na megabiti 100 haijui kabisa kwamba kuna msiba.

Sasa kwa nini inarudi kwa gigabiti na kuanguka tena? Yale makubaliano aliyoyaeleza mwenzangu hapo juu yanapita katika jozi zile mbili nzima. Kadi na swichi zinaulizana, kila moja inasema inaweza gigabiti 1, zinakubaliana. Ndipo zinapojaribu kutumia jozi zote nne na kukuta moja haiitiki. Uzi ukigusana kwa bahati, zinafanikiwa na mwenzako anaendelea na kazi mpaka meza itakapotikisika. Usipogusana, zinashindwa, zinaanza upya, zinakubaliana gigabiti 1 tena, zinashindwa tena. Kadi nyingi zimepewa akili ya kukata tamaa baada ya majaribio machache na kushuka zenyewe hadi megabiti 100. Ndiyo maana unasubiri hadi nusu dakika, na ndiyo maana ikishuka inatulia.

Kwa hiyo fungua soketi ya ukutani. Zima kompyuta, ondoa meza, fungua skrubu, uvute soketi taratibu bila kuipindua. Tazama mambo haya. Je, nyuzi za buluu na za kahawia zimezama vizuri kwenye meno ya soketi? Je, kuna uzi uliochubuliwa au uliovunjika pale unapoingia? Kebo ya ukutani ina waya wa uzi mmoja mgumu, tofauti na kebo fupi ya mezani yenye nyuzi nyingi laini, na waya mgumu ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja unavunjika ndani ya ganda lake la plastiki bila kuonekana kwa nje. Je, fundi alifumua msokoto kiasi gani? Haufai kufumuliwa zaidi ya milimita 13 hivi kabla ya meno, kwa sababu msokoto ndio unaozuia jozi moja isiisikie nyingine.

Ukishakata kipande, kikwangue kwa wembe. Ukiona wekundu wa shaba hadi ndani, uko salama. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo huvunjika upesi na hupitisha umeme kwa shida zaidi, na hapo nitakushauri ubadilishe kebo nzima badala ya kupoteza muda na ncha zake.

Urefu usikutie wasiwasi, mpaka wa kebo hizi ni mita 100 na wewe una 35. Nyaya za umeme nazo si za kufurahia, na ungezitenganisha ukipata nafasi, lakini dalili zake kwa kawaida ni fremu zinazoharibika njiani na mtandao unaokwenda polepole, na haziwezi kujua ni saa ngapi mtu amefunga mtoto wa meza.

Muulizaji anarudi

Nimefungua, na ninaona aibu kidogo kwa ile siku niliyosakinisha Windows.

Meza ilikuwa imesogezwa hadi ukutani, na mgongo wa ule mtoto wa meza uliigusa plagi iliyochomekwa kwenye soketi. Kila ulipofungwa kwa nguvu, plagi ilisukumwa ndani na soketi ikacheza, kwa kuwa skrubu yake moja haikuwepo. Nilipoivuta, nyuzi saba zilikuwa imara. Wa nane, mweupe wenye mstari wa kahawia, ulikuwa umekaa kwenye meno yake vizuri, lakini nilipougusa kwa ncha ya kalamu ukapinda kama uzi wa nguo. Shaba ilikuwa imevunjika ndani, karibu na meno, na kilichozishika ncha mbili pamoja kilikuwa ganda la plastiki peke yake. Ukuta ukitulia, ncha ziligusana. Meza ikitikisika, ziliachana. Nadhani ndiyo sababu kipimo cha fundi kiliwasha taa zote nane, maana alipima wakati meza imeondolewa. Msokoto pia ulikuwa umefumuliwa karibu sentimita 5.

Nimekata ile sehemu yote iliyofumuliwa, nimekwangua kipande na kukuta shaba tupu, kisha nikaweka soketi mpya kwa kufuata rangi zile zile za zamani. Nimeweka skrubu zote mbili na kuisogeza meza shubiri moja kutoka ukutani. Swali langu lililobaki ni moja: nilizamisha nyuzi kwa bisibisi bapa, kwa kuwa sikuwa na kifaa chenyewe. Je, kuna ubaya?

Jibu la tatu

Upo, ingawa hauonekani leo. Bisibisi hupanua meno ya soketi na kuyafanya yaushike waya kwa ulegevu, na waya uliolegea huanza kusumbua baada ya miezi. Tafuta kifaa maalumu cha kugandamizia nyaya, hata cha plastiki kinachokuja na baadhi ya soketi, na ikiwezekana tumia soketi nyingine mpya badala ya hiyo, kwa kuwa meno yakishapanuka hayarudi. Ukiwa huko, ifungue na plagi ya upande wa swichi uone kama aliyeweka soketi aliifanya kwa mkono ule ule.

Kisha iache kompyuta ifanye kazi siku kadhaa, uandike *netstat -e* katika dirisha la amri, na utazame mstari wa makosa. Namba iliyo pale isipande. Ikipanda taratibu huku mtandao haukatiki, urudi hapa tuzungumzie zile nyaya za umeme.

Muulizaji anarudi

Nimerudi baada ya siku tisa. Kifaa nimeazima, soketi nimeibadilisha tena. Plagi ya upande wa swichi ilikuwa na rangi katika mpangilio sahihi, ila ganda la nje la kebo halikuwa limeingia ndani ya plagi, nyuzi zilikuwa zinaning'inia wazi, hivyo nimeikata na kuweka nyingine. Kompyuta imekaa kwenye gigabiti 1 muda wote, dirisha la ping halijakosa jibu, na mstari wa makosa unaonyesha sifuri. Mwenzangu bado anafunga mtoto wa meza kwa kishindo, nami kila nikiusikia ule mlio natupia jicho taa ya swichi.